Mwanafunzi wangu amebadilika: nizungumze naye kwanza au nitoe taarifa?

Swali: Mimi ni mhadhiri katika chuo chenye wanafunzi wengi. Kijana mmoja wa mwaka wa pili, ambaye mwaka jana alikuwa akikaa mstari wa mbele na kuuliza maswali, muhula huu amekuwa akikosa vipindi. Akija anakaa nyuma, kimya, amejifunika kofia ya sweta hadi machoni. Wiki iliyopita aliingiza katika insha yake sentensi isiyohusiana kabisa na mada: “Muda si mrefu haya yote hayatanihusu tena.” Wenzake wa bweni wanasema usiku halali. Naogopa kwamba nikitoa taarifa nitamharibia masomo, na nikinyamaza naogopa zaidi. Nianzie wapi, na nimwambie nini? Na ile insha, nimrejeshee tu ikiwa na alama kama za wenzake?

Jibu: Mwalimu, fanya yote mawili, na uyafanye leo au kesho asubuhi. Zungumza naye, kisha toa taarifa kwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi, hata kama mazungumzo yenu yatakwenda vizuri na yeye akakuhakikishia kwamba hana tatizo lolote. Usingenitajia sentensi ile ya kwenye insha, pengine ningekushauri uanze na mazungumzo peke yake na umpe siku chache. Lakini mtu anayeandika kwamba mambo haya hayatamhusu tena hasubirishwi hadi kikao kijacho cha idara.

Katika maelezo yako, kinachonipa wasiwasi kuliko vyote ni mabadiliko. Wapo wanafunzi waliokaa nyuma tangu siku ya kwanza, wasiopenda kuzungumza mbele za watu, wenye mavazi na mienendo yao wenyewe, na hao hatuna haki ya kuwafuatilia kwa sababu tu hawafanani na wengine. Huyu wako alikuwa mbele na sasa yuko nyuma. Alikuwa akiuliza na sasa amenyamaza. Na usingizi nao umempotea. Kila dalili peke yake ingeweza kuwa na maelezo ya kawaida kabisa, kwa kuwa hata mwanafunzi aliyepata kibarua cha usiku hukosa vipindi vya asubuhi. Zinapokusanyika ndani ya muhula mmoja, na juu yake yakaja maneno ya kuaga, hazipaswi tena kuangaliwa moja moja.

Umri wake nao una uzito. Utafiti mkubwa wa kitaifa uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba, kati ya matatizo yote ya afya ya akili ambayo watu huyapata maishani, nusu huwa yameshaanza mtu anapofikia miaka 14 na robo tatu anapofikia miaka 24. Skizofrenia, kwa mfano, yaani ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, mara nyingi hujitokeza kati ya mwisho wa ujana na katikati ya miaka ya 20, yaani wakati ule ule ambapo wengi wako chuoni, mbali na watu waliowalea na ambao wangetambua upesi kwamba huyu si yule tunayemjua. Kuhusu kujiua, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa njia hiyo kila mwaka, na kwamba ni sababu ya tatu kwa ukubwa ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Sikutajii haya ili umpachike kijana jina la ugonjwa. Huenda amefiwa, huenda ada imekwama, huenda ameachwa na mpenzi wake, huenda anatumia kitu cha kumkesheza usiku. Kutambua chanzo si kazi yako, na ukianza kukitafuta peke yako utachelewa. Kazi yako ni kuona, kuuliza na kumuunganisha na wanaoweza kumsaidia.

Sasa mazungumzo yenyewe, kwa maana hapa ndipo wahadhiri wengi hukwama. Usimwite mbele ya darasa wala usimtumie ujumbe mkali wa kumtaka afike ofisini mara moja, kwa sababu atakuja akiwa ameshajiandaa kujitetea. Mwambie kwa sauti ya chini kipindi kikiisha, au mpigie simu, kwamba ungependa kuonana naye kidogo na kwamba hakuna kosa alilofanya. Chagua saa ambayo hutakatizwa, uweke simu mbali, na ukae upande mmoja naye badala ya kumweka ng’ambo ya meza. Anza na ulichokiona kwa macho yako, bila tafsiri: “Mwezi huu umekosa vipindi kadhaa, na ulipokuja hukuzungumza kama nilivyokuzoea. Nimesoma pia sentensi hii kwenye insha yako. Nimepata wasiwasi juu yako, ndiyo maana nikakuita. Mambo yakoje?” Kisha nyamaza. Kimya hicho kitakuwa kizito, na utatamani kukijaza kwa mawaidha. Usikijaze. Wengi huanza kusema la moyoni baada ya kimya cha pili au cha tatu, wakishaona kwamba anayewauliza kweli anasubiri jibu.

Maneno ya kuepuka ni yale yanayotoka mdomoni bila kufikiriwa: kwamba ajikaze, kwamba kila mtu hupitia hayo, kwamba kuna wenye shida kubwa kuliko zake, kwamba asiwaangushe wazazi wake waliojinyima kwa ajili yake. Hilo la mwisho nalichukia hasa, kwa kuwa kijana aliyekata tamaa mara nyingi ameshajiona kuwa mzigo kwa wazazi hao hao, na wewe unamwongezea ushahidi.

Kisha ipo sehemu moja ambayo nakuomba usiizunguke. Muulize waziwazi kuhusu kujiua, kwa neno hilo hilo. Unaweza kusema: “Wakati mwingine mtu akielemewa hivi huanza kufikiria kujiua. Je, wewe umewahi kufikiria hivyo siku hizi?” Watu wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Jambo hili limechunguzwa mara nyingi na watafiti, na hawakupata kwamba kuuliza huamsha wazo hilo. Mara nyingi anayeulizwa hupata nafuu kwa kuona kwamba hatimaye kuna mtu anayeweza kulisikia. Usiulize kwa namna inayomwomba akanushe, kama vile “Hufikirii mambo ya kijinga, sivyo?” Swali la namna hiyo lina jibu moja tu, na wewe mwenyewe umeshamtajia.

Akijibu ndiyo, usishtuke usoni, usimhubirie, na usimwache peke yake. Mshukuru kwa kukuambia. Muulize kama amefikiria namna na wakati, na kama chombo au kitu alichokifikiria kiko karibu naye. Akiwa na mpango, au kitu hicho kiko chumbani kwake, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo: mnapiga simu kwa mshauri nasaha au huduma ya dharura mkiwa pamoja, na mtu mzima anayeaminika anakaa naye hadi msaada ufike. Kitu hicho kiondolewe, na aende kukiondoa mtu mwingine, si yeye. Kuweka njia ya kufa mbali na mtu aliyezongwa kunaokoa maisha, kwa kuwa saa za hatari kubwa mara nyingi hupita. Nchini Sri Lanka, baada ya viuatilifu vyenye sumu kali kupigwa marufuku hatua kwa hatua, hasa katika miaka ya 1990, kiwango cha watu wanaojiua kilishuka kwa takribani nusu katika muda wa miaka 10.

Akijibu hapana, lipokee jibu lake, lakini usilichukue kuwa ndiyo mwisho wa jambo. Mwambie kwamba akija kufikiria hivyo baadaye anaweza kukuambia bila kuogopa, kisha mrudi kwenye usingizi, vipindi na kinachomsibu. Taarifa unaitoa vile vile.

Katikati ya mazungumzo huenda akakuuliza kama unaahidi kutomwambia mtu. Usiahidi. Anayeahidi siri kisha akaivunja hupoteza imani ya kijana wakati ambapo imani hiyo inahitajika kuliko wakati wowote. Mjibu hivi: “Siwezi kukuahidi hilo, kwa sababu usalama wako una thamani kwangu kuliko siri. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba sitamwambia mtu asiyehitaji kujua, na wewe utajua kabla ni nani ninayemwambia na nitamwambia nini.” Nimeona vijana wengi wakilikubali jibu hilo, tena kwa utulivu kuliko nilivyotarajia.

Labda utajiuliza taarifa ya nini, ikiwa mmeshazungumza na mkaelewana. Ni kwa sababu wewe unamwona saa chache kwa wiki. Msimamizi wa bweni anajua kwamba taa ya chumba chake haizimwi. Ofisi ya fedha inajua kama ada imelipwa. Mhadhiri wa somo jingine huenda ana kazi ambayo hakuikusanya, au insha nyingine yenye sentensi kama ile. Kila mmoja wenu ana kipande ambacho kikiwa peke yake hakitoshi kumfanya mtu anyanyue simu.

Vyuo vililijifunza hili kwa gharama kubwa. Tarehe 16 Aprili 2007, katika chuo kikuu cha Virginia Tech huko Marekani, mwanafunzi mmoja aliwaua watu 32 kisha akajiua. Jopo lililochunguza tukio hilo lilikuta kwamba kwa zaidi ya mwaka mmoja wahadhiri, wafanyakazi wa mabweni, polisi wa chuo na watu wa huduma ya ushauri walikuwa wamegusana na dalili zake kwa nyakati tofauti, wengine wakiwa na hofu ya wazi kabisa, lakini hakuna aliyeviunganisha vipande. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba wengi waliamini sheria za faragha zinawakataza kuambiana, wakati sheria hizo zilikuwa na nafasi kubwa kuliko walivyodhani. Mwaka uliofuata jimbo la Virginia lilivitaka vyuo vyake vya umma kwa sheria kuunda kamati za kutathmini vitisho, na vyuo vingi vya Marekani vikawa na timu za kudumu ambamo mshauri wa wanafunzi, mshauri nasaha, msimamizi wa mabweni, mtu wa usalama na mwakilishi wa taaluma hukaa pamoja mara kwa mara kupitia taarifa za wanafunzi wanaotia wasiwasi. Chuo chako kikiwa hakina timu ya namna hiyo, muombe mshauri wa wanafunzi awakutanishe watu watatu au wanne wanaomfahamu kijana huyu. Kikao cha nusu saa kinatosha kuanzia.

Nimetaja tukio hilo kwa ajili ya lile somo la vipande, na sitaki ulibebe kwa namna nyingine. Hakuna hata kimoja ulichoniandikia kinachoonyesha kwamba kijana wako ni hatari kwa wengine. Watu wengi wenye matatizo ya afya ya akili hawamdhuru mtu yeyote, na chuo kinachomtazama kila mwenye huzuni kama mhalifu mtarajiwa kinawafundisha wanafunzi wake kuficha. Secret Service, idara ya Marekani inayomlinda rais, kwa kushirikiana na wizara ya elimu ya nchi hiyo, ilichunguza mashambulizi 37 yaliyotokea shuleni na kutoa matokeo mwaka 2002. Haikupata sura moja ya mshambuliaji ambayo mtu angeweza kuitumia kuwachuja wanafunzi. Ilichokipata ni kwamba katika matukio mengi kulikuwa na mtu, mara nyingi rika lake, aliyejua mapema kwamba jambo linapangwa. Kwa hiyo ukisikia kinyongo kinachomlenga mtu fulani kwa jina, mazungumzo ya silaha, au mtu anayefuatwafuatwa, hilo linakwenda kwa watu wa usalama moja kwa moja, bila kupitia mazungumzo ya ofisini.

Sasa namna ya kuandika taarifa, kwa kuwa madhara unayoyaogopa mara nyingi huanzia kwenye maneno ya taarifa yenyewe. Mtu mwenye haraka angeandika hivi: “Mwanafunzi huyu anaonekana kuwa na matatizo ya akili na amekuwa mtoro.” Sentensi hiyo ina hukumu mbili na haina jambo hata moja ambalo mwingine anaweza kulifanyia kazi. Andika badala yake tarehe za vipindi alivyokosa. Eleza kwamba mwaka jana alikuwa akishiriki na sasa hazungumzi. Nukuu sentensi ya insha neno kwa neno. Taja kwamba wenzake wa bweni wamekueleza juu ya kutolala, na kwamba hilo umelisikia kwao na hukuliona mwenyewe. Eleza ulimuuliza nini na alijibu nini. Malizia kwa kusema unachokiomba: mshauri nasaha aonane naye ndani ya siku mbili, na wewe ujulishwe kwamba wameonana. Huhitaji kujulishwa walichozungumza, na wala hupaswi kukiuliza.

Hofu yako kwamba utamharibia masomo siidharau. Vipo vyuo ambavyo mwanafunzi akitaja kujiua hutakiwa kufungasha na kwenda nyumbani, kana kwamba tatizo limekwisha likishatoka nje ya lango. Naupinga utaratibu huo kwa nguvu zangu zote, kwa sababu unamtenga na marafiki, ratiba na huduma katika wiki ambazo anavihitaji mno, na habari zikisambaa mabwenini hakuna mwingine atakayethubutu kusema. Ipo njia tofauti. Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, tangu mwaka 1984, kimekuwa kikiwataka wanafunzi waliotishia au kujaribu kujiua wahudhurie vikao vinne vya tathmini na mtaalamu huku wakiendelea kuwa wanafunzi. Lipo sharti, lakini ni sharti la kuonana na mtu. Ukizungumza na ofisi, uliza bila kuona haya: je, taarifa hii inaingia kwenye faili la nidhamu au la huduma? Ukijibiwa nidhamu, omba kuzungumza na mshauri nasaha moja kwa moja.

Msaada unaofaa, ukiangaliwa kwa karibu, ni vitu vidogo vinavyokuja kwa wakati. Ni kuongezewa siku za kukusanya kazi, kupunguziwa idadi ya masomo muhula huu, kuahirishiwa mtihani kabla hajaufeli badala ya kuja kumrudisha baada ya kuufeli, kubadilishiwa chumba ikiwa chumbani ndiko kuna tatizo, kukutanishwa na anayeshughulikia ada. Na ni kusindikizwa. Kumwambia mtu asiyelala na asiye na hamu ya kula kwamba “nenda ukaonane na mshauri” mara nyingi hakumfikishi popote. Hajui mlango, anaogopa kuonekana na wenzake, na kufikia jioni ameghairi. Piga simu naye akiwa ameketi pale, chukua miadi, na ikiwezekana mwende pamoja hadi mapokezi.

Kuhusu familia, shauriana naye kwanza. Katika dharura ya maisha, familia itajulishwa na ofisi kwa utaratibu wake. Nje ya dharura, muulize nyumbani ni nani anayemwamini, kwa sababu wakati mwingine nyumbani ndiko mzigo ulikotoka, na simu yako ya nia njema inaweza kuufanya kuwa mzito zaidi. Wale wenzake wa bweni nao washukuru kwa kusema. Waambie wanachopaswa kufanya usiku wakiona hali inabadilika na nani wa kumpigia, kisha uwaondolee wajibu wa kumlinda. Wao pia wana mitihani, na huenda nao wameacha kulala kwa ajili yake.

Iwapo atakataa msaada wote, na tathmini ikaonyesha kwamba hayuko hatarini kwa sasa, kumbuka kwamba ni mtu mzima mwenye haki ya kukataa. Usimkasirikie. Mwambie kwamba utamuuliza hali tena wiki ijayo, na umuulize kweli, siku hiyo hiyo uliyoitaja. Wapo wanaokubali mara ya tatu kwa sababu tu aliyewauliza mara ya kwanza alirudi.

Insha usiigawe pamoja na za wenzake, na usiandike maoni yoyote kwa kalamu nyekundu pembeni mwa sentensi ile. Mpe mkononi mtakapoonana, muiangalie pamoja, kwa kuwa ndiyo mlango rahisi wa kuingilia kwenye mazungumzo. Sehemu nyingine isahihishe kwa vigezo vile vile vya darasa zima. Alama za huruma atazitambua, na zitamwambia kwamba umekata tamaa juu yake. Ikiwa insha haikukamilika, zuia alama hadi ofisi itakapoamua kama anaongezewa muda, na mweleze wazi kwamba umeizuia kwa sababu hiyo. Nakala moja ibaki nawe, kwa kuwa mshauri nasaha atahitaji kuisoma sentensi ile ikiwa mahali pake, pamoja na kilichoandikwa kabla na baada yake.